Mgonjwa wa Katibu

Siku hiyo chapati zilibaki. Hazikubaki mbili tatu za kuwawekea watoto, zilibaki hotpoti nzima, zimelaliana zinatoa jasho. Sesilia alifunua, akafunika, akakaa kidogo, akafunua tena kana kwamba zingepungua zenyewe. Maharage nayo yalikuwa yameanza kuweka ngozi juu. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, saa ambayo siku nyingine anakuwa ameshageuza sufuria juani na anamwita Herieth, binti yake mkubwa, amchotee maji ya kuoshea.

Meza yake ilikuwa mbele ya nyumba yao hapo Chamazi, pembeni ya barabara ya vumbi wanakopita mafundi wakienda saiti. Mteja wake wa kwanza kila siku alikuwa Khalfani, fundi wa plasta, mtu wa chapati nne na maharage ya kumwagia juu. Leo Khalfani alipita upande wa pili wa barabara, ndoo ya vifaa mkononi, anatazama mbele kama askari wa gwaride.

"Khalfani! Leo hunioni?"

"Nakuona dada, nakuona. Pole sana."

"Nimeshapoa. Njoo, chai imeiva."

"Leo nimefunga, dada."

"Umefunga? Leo Jumatano."

"Nalipa siku zangu za Ramadhani."

"Haya, Mungu akupokelee."

Khalfani akaitikia amina, akatembea mpaka kwa mama anayeuza maandazi chini ya mwavuli, akavuta benchi. Andazi la kwanza alilimaliza kabla hajakaa vizuri.

Sesilia alitazama andazi lile likishuka. Lakini kilichomkaa kichwani zaidi ni ile pole. Kwa wiki kadhaa watu walikuwa wakimpa pole, njiani, bombani, mlangoni mwa kanisa, naye zote aliziitikia. Huku kwetu pole haina ajabu. Mtu akikukuta umebeba ndoo anakupa pole, akikukuta umekaa anakupa pole vilevile. Yeye alidhani ni pole za kazi.

Akajifunga khanga vizuri, akaenda dukani kwa Loveness kuchukua mafuta ya kula. Loveness ni mtu wa maneno, lakini roho yake si mbaya. Siku hiyo alimsukumia chupa ya mafuta kwa ncha ya kidole, kisha akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu ya sabuni.

"Ngoja, mama Herieth, chukua na hii." Akamrushia pakiti ya unga wa lishe toka kule kule aliko. "Hii nimekupa tu. Zile dawa ni kali, hazitaki tumbo tupu."

"Dawa zipi?"

"Jamani, mie na wewe tufichane? Siku hizi inapona. Kaka yangu alimaliza dozi yake yote, saa hizi ana kitambi mpaka hafungi mkanda."

"Loveness. Inapona nini?"

Loveness akatazama mlangoni, akashusha sauti ingawa hakukuwa na mtu mwingine. "TB."

Sesilia akacheka. Akasubiri Loveness naye acheke. Loveness hakucheka.

"Nani kasema nina TB?"

"Hakuna aliyesema TB. Wamesema unaumwa, hiyo TB tumejaza wenyewe. Mtu umekonda hivyo, jioni unapita hapa unahema, taulo shingoni, jasho kama umemwagiwa ndoo, tuseme nini? Na juzi Mzee Adelard, mwenyekiti wenu wa jumuiya, kaja kununua sukari na sabuni za mche. Namuuliza za nini, ananiambia za mgonjwa, mke wa katibu. Jumamosi wote wanakuja kusali kwako. Na Padre anakuja na mafuta matakatifu."

"Mafuta? Anipake mimi?"

"Sasa ampake nani?"

Sesilia akaiweka ile pakiti ya lishe kwapani, maana kuirudisha kulikuwa kunahitaji maneno mengi, akaondoka bila kuaga.

*

Kweli aliwahi kuumwa, lakini si hiyo TB. Mwanzoni mwa mwaka nesi wa zahanati alimfunga mashine ya presha mkononi, akaijaza upepo, akatazama, kisha akaifunga mkono wa pili kana kwamba wa kwanza umedanganya. "Mama, presha hii si ya mtu wa umri wako. Fanya mazoezi." Sesilia akamuuliza, kukanda unga toka alfajiri si mazoezi? Nesi akamwambia hiyo ni kazi.

Alijaribu kukimbia barabarani. Bodaboda wawili wakamfuata wanampigia honi na kumuuliza nani anamkimbiza, na kama wamsaidie kumkimbia. Akarudi nyumbani. Ndipo mshonaji mmoja, Munira, akamwambia kuna ua nyuma ya karakana ya seremala, bondia mstaafu anaitwa Mashaka anafundisha wanawake. Hakuna wa kukutazama, alisema Munira, ukuta ni mrefu.

Magunia ya Mashaka yalishonwa kwa turubai la lori, ndani yamejaa matambara na maranda ya mbao. Siku ya kwanza Sesilia alilipiga gunia, likaenda, likarudi, likampiga yeye. Alicheka mpaka akakaa chini. Siku ya tatu lilirudi akalikwepa, na hapo hapo akajua kuwa kesho yake atarudi na siku ile nyingine atarudi. Usingizi ukaja. Ndoo ya maji akawa anaipandisha kichwani bila kumwita mtu. Nesi akamfunga tena mashine, akasema mama, endelea hivyo hivyo. Na vitenge vikaanza kumzunguka mara mbili.

Tatizo lilikuwa Jumamosi. Siku nyingine alfajiri ni ya chapati, lakini Jumamosi mafundi wanachelewa kuamka, ndiyo nafasi yake pekee ya asubuhi. Na alfajiri ya Jumamosi ndiyo saa ya jumuiya, wanapokutana waumini wa mtaa nyumba kwa nyumba kusali Rozari na kusoma Injili. Sesilia alifikiri, akachagua. "Mimi na Mungu tunaonana Jumapili," alimwambia mumewe. "Atanielewa."

Mungu labda alielewa. Asiyeelewa alikuwa Albano.

Albano alikuwa mtu mpole, karani wa yadi ya makontena kule Kurasini, na jumuiya walimfanya katibu kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Alikosea siku moja akamwambia mwenzake kazini kuwa mkewe anajifunza ngumi. Toka siku hiyo madereva wa malori wakiingia yadini wanamuuliza, "Braza Albano, jana umesalimika?" na wengine wanainua mikono kujikinga uso. Akaapa moyoni kwamba jumuiya hawatalisikia hilo kutoka kinywani mwake.

*

"Baba Herieth," alisema Sesilia jioni ile, "naumwa nini?"

Albano alikuwa ameshamega tonge. Tonge likabaki hewani.

"Nani?"

"Mimi, mkeo. Naumwa nini? Nataka nijue mapema, Padre akija nimwonyeshe panapouma."

Mama yake Albano alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni, anachambua mchele kwa vidole kwa kuwa macho hayakumsaidia tena. Alikuja toka Songea kutibiwa mtoto wa jicho, na wiki iliyofuata alikuwa anapasuliwa. Vidole vyake vikasimama. Mazungumzo ya namna hii hakutaka yampite.

"Mwenyekiti aliniuliza mbele ya watu," alisema Albano. "Katibu, mama yuko wapi? Ningesemaje?"

"Ungesema yuko ngumi."

"Katikati ya Rozari?"

"Rozari inakukataza kusema kweli?"

"Nilisema hajisikii vizuri kidogo. Kidogo, mama Herieth! Jumamosi ya pili akauliza, nikasema bado. Ya tatu sikusema kitu kabisa, niliinamisha kichwa tu. Kumbe kile kichwa ndicho kilichoharibu. Akina mama wakaanza kulia pale pale."

Bibi akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Huyu toka mdogo," alisema. "Alivunja mtungi wangu akasema umeondoka wenyewe."

Albano akasogeza sahani, akaegemea mbele kama mtu anayeuza kiwanja. "Sikiliza. Jumamosi moja tu. Unajilaza, unajifunika shuka mpaka hapa. Wanaimba, Padre anakupaka, wanaondoka. Jumamosi inayofuata umepona. Tena itakuwa ushuhuda, watu watapata imani."

"Nimdanganye Padre na mafuta yake?"

"Au basi ziache hizo ngumi. Nenepa kidogo, maneno yatakwisha yenyewe."

Sesilia alinyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na hotpoti, akaiweka mbele ya mumewe na kuifunua.

"Kula."

"Nimeshashiba."

"Hizi ni za leo, na kesho zitakuwepo nyingine. Mdomo wako ndio umezibakiza, mdomo wako uzimalize." Sauti yake haikuwa kubwa. "Watu hawali kwangu, baba Herieth. Wanadhani nawakoholea kwenye unga. Khalfani kanidanganya amefunga, Loveness ananirushia vitu kama anamrushia mbwa. Sare ya Herieth, nauli ya mama kwenda hospitali, vyote vinatoka kwenye ile meza, na wewe unajua. Nikinenepa hawatasema sikuumwa, watasema dawa zimenikubali. Umeyasema mwenyewe, nenda kayatengue mwenyewe, kabla ya Jumamosi. Mimi Jumamosi niko uwanjani kama kawaida."

Albano akachukua chapati moja, akaikunja, akaila taratibu. Kisha ya pili. Ilikuwa tamu, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Na mie hapa," alisema bibi, akiokota mchele mkekani, "nimetoka Songea nusu kipofu, nasubiri kupasuliwa jicho, hakuna aliyeniletea hata kibiriti. Mzima analetewa Padre."

*

Ijumaa Albano alitoka kazini moja kwa moja mpaka kwa Mzee Adelard. Njia nzima alikuwa amepanga maneno: mwenyekiti, kuna jambo nililikosea. Maneno hayo tu, basi.

Mzee Adelard alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa Bukoba, na akianza kusema mpaka kengele ilie.

"Katibu! Karibu, kaa, kaa. Kabla hujasema neno, niache nikuambie. Juzi nimemwambia Padre, nimesema Padre, nina katibu. Mkewe yuko kitandani, lakini Jumamosi hakosi, mwandiko wake hautetemeki. Nikasema huyu ametufundisha uvumilivu sisi wazee."

"Shikamoo mwenyekiti. Kwa kweli kuna jambo…"

"Marahaba. Najua, najua. Usilie. Mwanaume akilia mbele ya mgonjwa anamvunja nguvu. Padre atafika mapema, ana misa nyingine mbele. Kwaya ndogo nimeshaiambia. Kuku yupo. Unajua marehemu kaka yangu aliumwa miaka…"

Basi akaanza na ya kaka yake, toka alipoanza kuumwa mpaka alipozikwa, na mvua iliyonyesha siku ile. Mara mbili Albano alifungua mdomo, mara mbili mzee akamshika goti kumfariji. Alipopata nafasi ya kusimama, mzee aliingia ndani akatoka na kifurushi cha gazeti.

"Senene hawa wamefika jana kutoka nyumbani. Mgonjwa akitafuna hawa anainuka. Mpelekee."

Sesilia alimpokea mlangoni. "Umemwambia?"

Albano akanyoosha kifurushi. "Amenipa senene."

Sesilia akafungua gazeti, akachukua senene mmoja, akamtafuna. "Wametiwa chumvi vizuri," alisema. "Mpe na mama."

*

Jumamosi Sesilia alitoka kabla hakujapambazuka vizuri, begi begani, bandeji za mikono zimeviringishwa mfukoni. Albano alivaa shati jeupe, akafagia uani, akapanga viti, akavipangua, akavipanga tena.

Wakaja wanaimba. Mbele Mzee Adelard na msalaba mdogo, nyuma akina mama na vitenge vya sare, mmoja na sukari, mmoja na sabuni, mmoja na trei la mayai kichwani, mmoja na kuku kwapani aliyekuwa anatazama kila kitu. Nyuma kabisa Padre kijana, kwenye pikipiki, mkoba kifuani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu Padre. Karibuni."

"Mgonjwa yuko chumba gani?" aliuliza Padre huku anafungua mkoba.

"Ametoka kidogo."

Wimbo ukakatika.

"Ametoka?" alisema Mzee Adelard. "Mgonjwa wa kupakwa mafuta anatokaje?"

"Yuko… yuko mazoezini."

"Ahaa." Mzee akawageukia wenzake. "Mazoezi ya viungo. Hata kaka yangu walikuwa wanamnyoosha miguu hivi. Yuko zahanati?"

"Hapana. Hapo nyuma, kwa seremala."

Mama mwenye mayai akafanya ishara ya msalaba kwa mkono wake ulio huru, maana seremala yule alijulikana kwa majeneza.

"Basi twende huko huko," alisema Mzee Adelard. "Katibu, tangulia. Akina mama, wimbo!"

Albano akataka kusema hapana, lakini wimbo ulikuwa umeshapanda. Bibi akamshika Herieth mkono. "Nipeleke na mie, mjukuu wangu. Nisipoona nitasikia."

Wakatoka barabarani, na barabara ikawasikia. Loveness alifunga duka, kufuli likamshinda kwa haraka, akaliacha linaning'inia. Khalfani aliacha andazi nusu, akavua kofia, akaunga mkia. "Ameshafariki?" aliuliza mtu. "Bado," alijibiwa, "wanamfuata na mafuta." Mama wa maandazi naye akafunika karai akaja. Kufika kwenye geti la mabati la ule ua walikuwa kundi la kujaza harusi ndogo.

Wa mbele ndio walioanza kusikia. Pa. Pa-pa. Pa.

"Mkono juu, Sesilia! Usinitazame mie, tazama pedi! Pumua!"

Sesilia alikuwa katikati ya ulingo wa kamba za katani, kaptula juu ya suruali ya kubana, glovu nyekundu zilizopauka, jasho linamshuka mpaka kidevuni. Anapiga, anainama, anapiga tena, na Mashaka na pedi zake za kupokelea ngumi anarudi nyuma. Munira na wengine walikuwa pembeni wanaruka kamba. Wimbo ulikufa kuanzia mbele kwenda nyuma, wa mwisho alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzuri aliyekuwa bado hajaona kitu.

Mashaka aligeuka, akaona Padre, msalaba, watu, kuku. Akashusha pedi. "Padre, wallahi hapa hatupigi muziki. Kama ni majirani wamelalamika, wamekosea nyumba."

"Kocha," alisema Sesilia, amemaliza kuwatazama wote, "raundi bado."

Na raundi kweli ilikuwa bado. Mashaka akainua pedi. Jumuiya nzima ilisimama inamtazama mgonjwa wake akipiga, mpaka Munira alipogonga rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni kwa seremala, ndiyo kengele yao.

"Katibu," alisema Mzee Adelard polepole. "Mgonjwa yuko wapi?"

Albano alikuwa amesimama karibu na geti. Lilikuwa wazi, na njia ya kwenda Kurasini aliijua vizuri. Akatazama watu, akamwona Khalfani na kofia yake mkononi, akamwona Loveness amejiziba pua na mdomo kwa ncha ya khanga. Akamtazama mkewe. Sesilia alikuwa ameegemea kamba, anahema, anasubiri.

"Ni huyo," alisema Albano.

"Huyo nani?"

"Huyo aliye ulingoni. Mke wangu. Haumwi, mwenyekiti. Hakuumwa hata siku moja. Anapiga ngumi. Jumamosi zote alizokosa alikuwa hapa. Mimi nilikuwa naona aibu kusema, nikasema anaumwa. Hana TB, hana chochote. Nimewadanganya mimi."

Kuku ndiye aliyejibu kwanza. Kisha mama mwenye mayai akasema, "Yaani mie nimefunga chakula siku mbili kwa ajili yake!" na mwingine, "Mie nililia!" na wa tatu akasema alilia mara mbili. Mzee Adelard akaushusha msalaba, akatafuta pa kukaa.

Padre alikuwa anajizuia, lakini mabega yalimsaliti. "Mimi hapa nilikuja kwa mgonjwa mmoja," alisema. "Namwona kweli mmoja, lakini ni katibu, na dawa yake haipo kwenye chupa hii. Katibu, tutaonana kwenye kitubio."

Wakacheka, hata waliolia mara mbili.

"Padre," ilisikika sauti toka nyuma. Alikuwa bibi, ameketi juu ya tairi, uso ameuelekeza upande usio wenyewe. "Hayo mafuta usirudi nayo. Mimi wiki ijayo napasuliwa jicho. Na naogopa."

Hakuna aliyecheka hapo. Albano alimgeukia mama yake. Toka amefika nyumbani kwake, miezi miwili sasa, hakuwahi kumsikia akisema anaogopa, wala hakuwahi kumuuliza.

Padre akavaa stola yake shingoni, akapiga goti kwenye maranda mbele ya lile tairi. Mabondia wakavua glovu. Mashaka, ambaye si wa dini hiyo, akawaambia wanafunzi wake nyamazeni, akanyamaza na yeye. Padre akampaka bibi kwenye paji la uso na viganja vya mikono, na jumuiya ikaimba wimbo wake wote ilioukatisha, mpaka ubeti wa mwisho. Sukari, sabuni, mayai na kuku vyote vikawekwa miguuni pa bibi. Akavipapasa kimoja kimoja. Alipofika kwa kuku akasema, "Huyu ni jogoo au mwenzangu?"

*

Lakini mambo ya TB hayaishi kwa wimbo mmoja. Wakati watu wanaanza kutawanyika, Loveness bado alikuwa amejiziba kwa khanga. "Sawa haumwi," alimnong'oneza Khalfani, sauti yake ikafika mpaka ulingoni. "Lakini kukonda kule?"

"Huyu?" alisema Mashaka. "Mwenye TB anapiga raundi sita? Ninayekohoa hapa ni mimi."

"Loveness," alisema Sesilia, "nimekonda kwa kuwa natoka jasho. Siku nyingine niulize mimi. Nina mdomo."

Loveness akaitikia kwa kichwa, ila khanga haikushuka. Sesilia aliiona. Akajua kwamba Jumatatu ataamka, atakanda unga, na watu watampita tena, safari hii kwa salamu za kicheko, lakini watapita.

Mzee Adelard alikuwa amekaa kwenye benchi, amechoka. Alikuwa ametembea, ameimba, na ameaibika, na yote hayo yanakausha koo. Pembeni yake kulikuwa na chupa kubwa ya maji, imeshanywewa nusu. Akaichukua, akafungua kizibo.

"Mzee, hiyo ni ya…" alianza Loveness.

Mzee alikuwa ameshainywa. Alikunywa kama watu wa zamani, kichwa nyuma, bila kupumua, na koromeo linapanda na kushuka mbele ya mtaa mzima. Akaishusha, akajifuta mdomo. "Ya nani?"

"Ya kwangu, baba," alisema Sesilia.

Mzee Adelard akaitazama chupa, akamtazama Sesilia. Akaelewa watu wametulia kwa nini. Akainua tena, akaimaliza.

"Maji yako ni ya moto, mama Herieth," alisema. "Na njaa inaniuma. Jumuiya imeamka saa kumi kwa ajili yako, haijanywa chai. Unapika au hupiki?"

Sesilia akachukua taulo, akajifuta jasho, na macho nayo.

"Dada," alisema Khalfani, anachezea kofia, "mie zangu nne. Na maharage juu."

"Si umefunga wewe?"

"Nimefungua."

"Mie mbili, za kula hapo hapo," alisema Loveness, na khanga ikarudi begani kwake. Mama wa maandazi akasema hata yeye anaomba moja, amechoka na maandazi yake. Padre akaomba afungiwe za njiani.

"Tangulieni mkae," alisema Sesilia. "Herieth, washa mkaa, toa unga ule wa kwenye ndoo. Mimi nakuja. Nina raundi moja imebaki."

Lakini watu hawakutangulia. Walitaka kuona hiyo raundi. Mashaka alikuwa tayari amevua pedi na anajishika bega. "Mie nimeisha," alisema, "huyu mama leo amenipiga kwa ajili ya mtu mwingine." Akazitupa pedi hewani, bila hata kutazama, zikaenda kumwangukia Albano kifuani.

Albano alizishika. Akageuka kutafuta wa kumpa. Kila aliyemtazama aliweka mikono nyuma.

"Ingia, katibu," alisema Padre.

Akapita chini ya kamba na shati lake jeupe, kamba ikamvuta kola. Munira akamvalisha pedi, ya kushoto ikaenda kulia, wakacheka, akambadilishia. Akasimama mbele ya mkewe, miguu imeachana kama mtu anayesubiri kubebeshwa gunia. Hawakuwa wamesimama karibu hivyo mbele ya watu toka siku ya harusi.

"Nisamehe," alisema, kwa sauti ya chini, ya wao wawili tu.

"Inua mikono."

Akainua. Rimu ikagongwa. Sesilia akasogea, kidevu chini, akamtazama.

"Na usifumbe macho, baba Herieth," alisema, akapiga.